Huduma ya Hali ya Hewa Inayofika Dikoni: Mwongozo Kamili kwa Shehia za Pemba

Angalizo la upepo mkali lilisomwa redioni saa 2 usiku. Boti za dagaa zilikuwa zimeshatoka tangu magharibi, ziko kwenye mkondo wa bahari na taa zao, na sisi tuliobaki dikoni, pale ufukweni boti zinapotokea na kurudia, tulishika simu mkononi bila la kufanya. Alfajiri zilirudi zote isipokuwa moja. Hiyo ilifika adhuhuri ikivutwa na nyengine, mashine imeingia maji, nyavu zimekwenda. Waliokuwamo walishuka wazima, alhamdulillahi. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba utabiri ulikuwa sahihi: kasi ile ile, upande ule ule. Ulichelewa tu.

Nimekaa kwenye kamati ya maafa ya shehia miaka kadhaa, na kila yanapotajwa maboresho ya huduma za hali ya hewa, watu hufikiria rada, mitambo ya sola na kompyuta kubwa. Vyote vinahitajika. Ila ukianzia huko, utafika dikoni umechoka na fedha zimekwisha. Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume: unaanza kwa mtu anayeamua kutoka au kubaki, kisha unarudi hadi kwenye mtambo. Ni wa sheha, mwalimu wa jiografia, bwana shamba, kijana wa jumuiya, na ofisa wa mradi aliyeshuka na meli bandarini Mkoani akiwa hajui pa kuanzia.

Hatua ya 1: Andika nani anaamua nini, na saa ngapi

Chukua daftari, zunguka wiki mbili. Usiwaulize watu wanahitaji taarifa gani za hali ya hewa, maana watakujibu "zote". Uliza hivi: mara ya mwisho mvua, upepo au ukame kukutia hasara ilikuwa lini? Siku ile uliamua nini? Uliamua saa ngapi?

Nahodha wa boti ya dagaa huamua alasiri, akishaangalia mawingu na kabla hajanunua mafuta. Akishanunua mafuta, huyo amekwenda. Wastani wa upepo wa siku nzima haumsaidii. Anataka kujua utabadilika saa ngapi. Mama anayeokota chaza na kutafuta pweza hutembea mbali sana mwambani maji yanapokupwa, na simu ameiacha nyumbani isirowe. Ujumbe wake lazima upite kwa mtu wa kumpigia kelele kutoka ufukweni. Mwenye karafuu huamua asubuhi, jua linapopanda: aanike au asubiri? Karafuu inataka siku nne tano za jua jamvini, na ikinyeshewa katikati hupauka na kuvunda, bei ikaporomoka. Mkulima wa mpunga bondeni huamua mara moja kwa msimu, na akikosea hana mbegu nyengine. Mkulima wa mwani anafuata bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, lakini siku hizi ukimsikiliza vizuri utagundua kinachomuumiza zaidi ni joto la maji.

Kwa kila mmoja andika mambo manne: uamuzi, saa ya uamuzi, anachohitaji kujua, na njia ya kumfikia. Saa ya uamuzi ndiyo saa ya mwisho ya ujumbe wako. Dikoni kwetu ni saa 9 alasiri. Ujumbe wa saa 2 usiku pale ni hadithi.

Hatua ya 2: Jua mpaka wako

Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano. Anayetoa utabiri na onyo rasmi ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, chini ya Sheria Namba 2 ya mwaka 2019, na vituo vya kupimia vinapaswa kusajiliwa kwake. Maafa na maji, kwa upande wetu, yako chini ya Serikali ya Mapinduzi: ipo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, ipo Mamlaka ya Maji ZAWA, wapo masheha. Kwa hiyo onyo hutolewa na mkono mmoja na kufanyiwa kazi na mwengine, na ujumbe mwingi hudondoka hapo katikati.

Dawa yake ni ya kawaida kabisa. Andika barua ya sheha, ipitie wilayani, kisha uipeleke kwa watu wa TMA uwanja wa ndege wa Pemba. Omba vitu vitatu: mtu mmoja wa kuwasiliana naye, ratiba ya kupokea utabiri wa kila siku, wa hali mbaya ya hewa wa siku tano na wa msimu, na maelekezo ya kusajili vipimo vyenu. Nakala moja ibaki kwenye faili la shehia.

Kamati ya shehia kazi yake ni kupima, kupokea, kufafanua na kufikisha. Kutabiri iwaachie wenyewe. Kijana mmoja akianza kutangaza vimbunga vyake kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu programu ya simu imeonesha rangi nyekundu, mtapoteza imani ya watu ndani ya wiki moja, na kuirudisha ni kazi ya miaka.

Hatua ya 3: Pima mvua kwa mkono kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo ningekuomba ukae zaidi, maana kipimo cha mvua ni rahisi na ndicho huharibiwa kuliko vyote.

Mkiweza kupata kipimo rasmi kupitia TMA, vizuri. Mkikosa, ndoo ndogo ya rangi yenye mdomo wa duara inatosha kwa kujifunzia. Pima upana wa mdomo. Tuseme ni sentimita 20: nusu yake ni 10, mara 10 ni 100, mara 3.14 ni 314. Hilo ni eneo la mdomo kwa sentimita za mraba. Sasa mimina maji yaliyokusanyika kwenye chombo chenye alama za mililita. Chupa ya maziwa ya mtoto inafaa. Gawa mililita kwa 314, zidisha kwa 10, umepata milimita za mvua. Mililita 314 ni mvua ya milimita 10. Mililita 157 ni milimita 5. Kwa njia hii haijalishi kama ndoo imebanwa chini, kwa sababu unachohesabu ni mdomo na maji, basi. Ukiweka faneli juu ili maji yasikauke kwa jua, tumia upana wa faneli.

Mahali pa kukiweka ndipo pa ugomvi. Kila kizuizi kikae mbali angalau mara mbili ya urefu wake: mnazi wa mita 15, kaa mita 30. Kwenye mashamba ya karafuu ya magharibi mwa kisiwa uwazi huo hupatikana kwa tabu, kwa hiyo nenda uwanja wa skuli au wa kituo cha afya. Usikiweke juu ya paa, upepo hupeperusha matone. Usikiweke chini ya dari ya makuti "kisije kikaibiwa". Nimekuta kimoja hivyo, na mwenyewe alikuwa ananilalamikia kwamba mvua mwaka ule zimekuwa haba. Mdomo uwe sawasawa kabisa, kama mita moja kutoka ardhini, na uzio wa kuzuia mbuzi.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, hata kama jua limewaka wiki nzima. Mvua isiponyesha andika 0. Nafasi tupu daftarini haina maana moja: inaweza kuwa hapakuwa na mvua, au hapakuwa na mtu. Ukikosa siku, usigawe kwa kukisia. Andika "jumla ya siku 2". Chagua wasomaji wawili wanaokaa karibu, na mmoja wao asiwe mwanafunzi, kwa sababu likizo ya skuli huweza kuangukia katikati ya mvua.

Weka na safu ya maelezo: "radi", "upepo wa ghafla", "bonde limejaa". Hapo pia andika wanachosema wazee. Hesabu ya miongo, ile ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa jadi, imewaongoza wakulima na wavuvi wetu miaka mingi. Wapo vijana wanaoicheka na wapo wazee wanaodai haikosei. Mimi huiandika pembeni ya milimita, mwongo kwa mwongo, masika, mchoo na vuli, ili baada ya miaka mitano tubishane tukiwa na daftari mezani.

Hatua ya 4: Pima visima

Zanzibar maji yetu mengi yanatoka chini ya ardhi, na kule chini maji baridi yameelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Kanuni inayotumika visiwani ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake. Igeuze hesabu hiyo uone hatari: kisima kikishuka sentimita 10 tu kwa sababu ya kuvutwa sana, chumvi inaweza kupanda mita 4 kutoka chini. Ndiyo maana kisima cha pwani huwa kitamu Ijumaa na mwezi unaofuata kikawa hakipikiki chai.

Chagua visima vitatu: kimoja karibu na bahari, kimoja katikati, kimoja juu. Mara moja kwa wiki, alfajiri kabla ya ndoo ya kwanza, teremsha tepu ya fundi iliyofungwa nati nzito mpaka usikie inagusa maji. Andika urefu kutoka alama uliyochora ukingoni kwa rangi. Alama iwe ile ile miaka yote. Kamba ya nailoni usitumie, inavutika. Kisha pima chumvi kwa kile kipimo kidogo cha mkononi. Ukifika kama miligramu 1,000 za madini kwa lita, watu wataanza kuyakataa maji kwa ladha, na kama namba inapanda wiki hadi wiki usingojee malalamiko.

Utabiri wa maji unaanzia hapa. Weka mezani vitu viwili: utabiri wa msimu wa TMA, unaosema mvua zitakuwa za wastani, juu au chini ya wastani, na kina cha visima wiki kama hii mwaka uliopita. Ukisikia vuli inatarajiwa chini ya wastani na maji yameshashuka kuliko mwaka jana, unayo miezi ya kujipanga: punguza saa za pampu kwenye visima vya pwani, peleka takwimu ZAWA mapema, na watu wasafishe mapaa. Hesabu ya paa ni nyepesi, milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 8 kwa 6 likipata mvua ya milimita 20 ni lita 960. Toa inayomwagika na kurukia nje, hukosi 700. Kwa Micheweni, kwenye mawe matupu, hiyo si hesabu ya kupuuza.

Hatua ya 5: Tazama bahari kwa fimbo

Maji kujaa na kupwa yanajulikana miaka mbele kwa sababu yanafuata mwezi na jua, na jedwali lake linapatikana. Kisichokuwamo kwenye jedwali ni msukumo wa upepo na kanieneo ya hewa, yaani hewa inavyoikandamiza bahari. Kanieneo ikishuka hektopaskali 1, ambacho ndicho kipimo chake, bahari huinuka kama sentimita 1, na kusi kali huongeza yake juu. Kwenye bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa kwetu inakaribia mita 4, nyongeza ndogo inatosha kupeleka maji ya chumvi kwenye mpunga.

Piga alama za sentimita kwenye nguzo ya gati, soma maji yakijaa siku za bamvua, linganisha na jedwali. Tofauti hiyo ndiyo taarifa yako. Chora na ramani ya mkono: maji yalipofika, tarehe, upepo ulikuwa wa wapi.

Hatua ya 6: Mtambo wa kujiendesha, na nani ataulipia mwaka wa tatu

Sasa mnaweza kuzungumza na wafadhili. Kituo cha kujiendesha hutuma joto, unyevu, upepo, kanieneo na mvua kila saa bila mtu, na shabaha ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kwa mtandao wa msingi wa dunia ni vituo vya ardhini visivyopishana zaidi ya kilomita 200, vikituma kila saa. Sikatai faida yake. Nimeona tu vinavyokufa. Hewa ya chumvi hula skrubu. Nyigu hujenga ndani ya faneli, mvua ikasomeka sifuri masika nzima. Betri hufa mwaka wa pili au wa tatu, mradi umeshafungwa na aliyekabidhiwa namba ya fundi amehamishwa. Na kingine huzima kwa sababu ya aibu tu: laini ya simu iliyomo ndani imekwisha bando.

Kabla ya kusaini kupokea mtambo, uliza kwa maandishi: bando linalipwa kutoka fungu gani? Betri na vihisio vya akiba viko wapi kisiwani, si Dar es Salaam? Nani anasafisha faneli kila Jumamosi? Takwimu zinakwenda TMA moja kwa moja au zinakaa kwenye kompyuta ya mfadhili? Likikosekana jibu la hata moja, omba vipimo vya mkono kumi badala yake. Na mtambo ukija, kipimo cha mkono kibaki pembeni yake. Siku vikitofautiana sana, mara nyingi utaanza kuamini ndoo.

Hatua ya 7: Fahamu utabiri unavyopikwa

Modeli za dunia, yaani hesabu za kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa, huigawa anga vyumba vya kama kilomita 9 hadi 25. Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi na upana wa 22 mahali penye unene, kwa hiyo kisiwa kizima ni vyumba vichache, vyengine nusu bahari. Mvua inayonyesha Wete ikaiacha Chake Chake kavu inapita katikati ya tundu hizo. Programu nyingi za simu hukupa modeli mbichi, hajaipitia mtabiri yeyote.

Rada ya Dar es Salaam nayo iko mbali. Mwale wake hupanda kadiri unavyosafiri, kwa sababu dunia imejipinda, na ukifika juu ya Pemba upo kama kilomita 3 angani. Wingu fupi la mvua ya pwani linaweza kupita chini yake. Ndiyo sababu milimita zenu za saa 3 asubuhi zina thamani kwa mtabiri: zinamwambia alichokikosa.

Hatua ya 8: Geuza onyo kuwa maneno ya dikoni

TMA hutumia ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Mvua kubwa kwao ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Maneno haya hayatoshi peke yake. "Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2" kwa meli kubwa ni safari ngumu, kwa ngalawa ni jeneza. Mnaposambaza, ngazi na namba zibaki kama zilivyo. Mnachoongeza ni maana yake kwa chombo fulani. Mfano:

"Wavuvi wote. Kuanzia leo saa 12 magharibi mpaka kesho adhuhuri: upepo wa kusi kilomita 40 kwa saa, mawimbi mita 2. Mitumbwi na ngalawa zisitoke. Boti zilizoko nje zirudi kabla ya magharibi. Chanzo: angalizo la TMA la leo. Ujumbe mwengine: kesho saa 1 asubuhi."

Saa ya ujumbe unaofuata usiisahau, inawazuia watu kubuni. Kwa asiye na simu, pandisha bendera ya rangi ile ile kwenye mlingoti wa dikoni, na tumia kipaza sauti cha msikiti kwa makubaliano na imamu.

Kisha jaribuni. Toeni ujumbe wa majaribio, mkautangaza kuwa ni majaribio, na mwandike dakika ulipofika kwa kila mtu hadi wa mwisho. Mara ya kwanza kwetu ulichukua saa moja na dakika arobaini. Mwenye ufunguo wa chumba cha kipaza sauti alikuwa harusini. Tukachonga funguo tatu.

Kuhusu vimbunga, utasikia kwamba si vya kwetu. Ni kweli karibu na ikweta nguvu ya kuzungusha upepo ni hafifu, lakini Pemba iko nyuzi 5 kusini na Unguja 6, hapo hapo mpakani. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliikata Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuharibu meli za Sultani Barghash. Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na ndipo ikashika uongozi wa karafuu. Yaani utajiri wetu umetokana na kimbunga kilichotupita pembeni. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia. Wekeni utaratibu wa kimbunga kwenye faili: jengo gani la mawe linapokea watu, nani anabeba wagonjwa, boti zinavutwa wapi.

Hatua ya 9: Pima utabiri wenyewe

Kila onyo liandikwe, na kila lililotokea liandikwe. Mwisho wa msimu hesabu makundi matatu: lililoonywa likatokea, lililoonywa lisitokee, na lililotokea bila kuonywa. Tuseme mlipata maonyo 20, 12 yakatokea, 8 hayakutokea, na mara 4 upepo ulikuja bila onyo. Matukio ni 16, yaliyoonywa 12: asilimia 75. Maonyo hewa ni 8 kati ya 20: asilimia 40. Zisomeni namba hizo barzani zikiwa mbichi, halafu zipelekeni TMA. Nahodha aliyebaki nyumbani mara nane bure anastahili kuambiwa ilikuwa mara nane, naye atawaambia kama bado anakubali bei hiyo.

Na safu moja zaidi: ujumbe ulifika saa ngapi, kabla au baada ya saa ya uamuzi. Sisi tuliibandika rangi nyekundu.

Saa hizo zipitieni upya kila mwaka kabla ya Ramadhani. Mwezi ule boti za kwetu hutoka baada ya tarawehe badala ya magharibi, mafuta hununuliwa karibu na futari, na dikoni alasiri hakuna mtu. Ujumbe wa saa 9 utasomwa na mbuzi. Usogezwe hadi saa 11 jioni, na urudiwe msikitini kabla ya watu kutawanyika.